Karata, bao, ludo, tuktuk: ni kipi hasa kilichozaliwa hapa kwetu?

#1 MwanaKuze
Salamu nyote. Jana baada ya alasiri nilikaa barazani Mji wa Kale, wazee wanapiga karata kama kawaida yao. Pakiti yenyewe kuukuu, pembe zimefura kwa unyevu, na ree ya shupaza ilipotea tangu Ramadhani. Mahali pake wametia kipande cha paketi ya sigara kilichokatwa kwa mkasi na kuandikwa A kwa kalamu ya wino. Kila mtu anaijua kwa mgongo na hakuna anayelalamika.

Basi mzee mmoja akaitupa kopa yake chini akasema, "Hizi ndizo Mreno alizotuwatia, na zina faida kuliko ile ngome yake." Zogo likaanza hapo. Jirani yake akasema Mreno hakuleta kitu, karata ni za Muingereza na zilikuja na reli. Wa tatu, ambaye hata hakuwa akicheza, akawaambia nyote mna wazimu, mbona twasema basha na ghulamu? Hayo si ya Waarabu na Waturuki? Muuza kahawa alisimama na dele lake kusikiliza mpaka makaa yakamzimikia.

Nani mkweli? Na tukiwa papo hapo, wekeni vitu vingine mlivyokua mkiambiwa vimetoka mahali fulani, kumbe sivyo.

#2 Changamwe_Boy
Mreno. Uzi ufungwe.

#3 BintiMaalim
Mzee wa kwanza ana hoja nzito kuliko alivyojua mwenyewe. "Karata" ni carta ya Kireno, na "turufu" ni trunfo. Kisha njoo kwenye zile aina nne: kopa, shupaza, uru, pao. Kireno ni copas, espadas, ouros, paus. Yaani vikombe, panga, dhahabu na fimbo.

Sasa nunua pakiti yoyote dukani uitazame. Kopa ni moyo mwekundu, si kikombe. Shupaza ni kama jani jeusi lenye kikonyo. Pao ni ua la majani matatu, wapi na wapi na fimbo? Hizo picha ni za Kifaransa, ndizo zilizoenea duniani, lakini majina yetu ni ya picha za zamani zaidi. Mdomoni kikombe, mkononi moyo. Na Wareno wenyewe hadi leo wako vivyo hivyo, wanazitazama picha za Kifaransa na kuziita kwa majina ya kale.

#4 Kete64
BintiMaalim umepiga penyewe ila umeshuka kituo kimoja kabla ya mwisho. Pale Istanbul, jumba la Topkapi, kuna karata za Wamamluki wa Misri, zimechorwa kwa mkono na kupakwa dhahabu. Aina zake nne ni vikombe, sarafu, panga, na magongo ya kuchezea polo juu ya farasi. Pakiti kamili ilikuwa ya 52, kama ya wazee wa Kuze (ukihesabu na ya sigara). Na zile za wakubwa hazikuwa na picha za watu, zimeandikwa tu: malik, naibu wa malik, naibu wa pili. NAIBU, jamani, neno tunalolisikia kila siku kwenye taarifa ya habari. Wengi wanaona hata jina la karata kwa Kihispania, naipes, limetoka kwa huyu naibu.

Ulaya karata zinaanza kutajwa miaka ya 1370. Polo hawakuijua, ndiyo gongo likageuka fimbo tu. Kwa hiyo Mreno alituletea Mombasa kitu alichokipata kwa Waarabu.

#5 Changamwe_Boy
Mreno kakopa. Naufungua uzi tena.

#6 MtuWaTanga
Wakuu, na Wamisri walizitoa wapi? China! Karatasi yao, uchapaji wao, na mchezo wao wa "majani" umetajwa tangu karne ya 9, zama za Tang. Ukikifuata kitu chochote mpaka mwisho wa njia unamkuta Mchina amekaa anakungojea.

#7 BintiMaalim
Taratibu hapo, MtuWaTanga. China karata zilikuwepo, hilo halina ubishi. Ila huo mchezo wa majani wa zama za Tang kanuni zake zilipotea, na wako wataalamu wanaosema haukuwa wa karata kabisa bali wa kete na kitabu. Usiutumie kama risiti.

#8 AmiDele
Mwanangu BintiMaalim, Mungu akuweke. Mimi nacheza karata tangu kabla ya uhuru na leo ndiyo nasikia kopa ni kikombe. Lakini nieleze hili: kama ree ni rei ya Kireno, basi rei ni mfalme. Kwetu ree ni moja, na mfalme ni basha. Huyo mfalme kateremshwa na nani?

Na jingine. Sisi nyumbani twacheza wahedi wa sitini, sitini na moja. Jina hilo ni la Kiarabu wazi wazi. Marehemu babangu akisema mchezo huu umetoka Arabuni na aubishaye hajui kuhesabu.

#9 Changamwe_Boy
Mfalme kateremshwa na Waomani Desemba 1698, baada ya kuizingira Ngome kwa miezi 33. Kila mtu anajua 😂

#10 BintiMaalim
Ami, shikamoo. Habari ya ree sina jibu la kukata. Yawezekana moja ilipopewa nguvu kuliko mfalme ikachukua na cheo chake. Basha ni pasha wa Waturuki, huyo kaja kwa mlango mwingine.

Lakini wahedi wa sitini hebu nikuulize. Hesabu yenu si ree 11, saba 10, basha 4, ghulamu 3, bibi 2?

#11 AmiDele
Marahaba. Ndiyo hiyo. Na saba twaiita seti, yampita basha. Wageni hilo huwatatiza sana, hawaelewi vipi saba imle mfalme.

#12 BintiMaalim
Basi jumlisha. Ni 30 kwa kila aina, mara nne 120. Nusu ni 60, ndiyo maana mwenye 61 amemaliza. Sasa Wareno wana mchezo wao unaitwa sueca: moja 11, saba 10, mfalme 4, kijana 3, bibi 2. Jumla 120, mshindi ni wa 61. Na saba kwa Kireno ni sete.

#13 AmiDele
Lailaha. Jina la Kiarabu, hesabu ya Kireno, na kelele zetu wenyewe. Leo usiku nakwenda kuwaharibia watu starehe.

#14 MamaWatatu
Samahani naingia na jambo dogo. Mtoto wangu wa darasa la tano ameandika kwenye insha kwamba ludo ni mchezo wa Wachina. Nikamuuliza nani kakwambia, akanigeuzia boksi, limeandikwa limetengenezwa China. Mwalimu kamtia tiki. Nimsahihishe au niache?

#15 MtuWaTanga
Umeona? Anakungojea mwisho wa njia.

#16 DukaLaKona
Mama, msahihishe. Sisi Wagujarati wa hapa Mombasa tuna haki ya kuudai huu. Ludo ni mtoto wa pachisi ya India. Jina linatoka kwenye 25, pachis, mtupo mkubwa kuliko yote. Waingereza waliutia dadu kwenye kikombe, wakaupa jina la Kilatini, wakausajili kwao 1896 na kutuuzia tena.

Bibi yangu alikuwa na pachisi ya kitambaa, umbo la msalaba, kimeshonwa kwa mkono na uzi mwekundu umefifia. Dadu hakuitaka. Alikuwa anatupa kauri, anahesabu ngapi zimefungua mdomo juu. Alizihifadhi kwenye mkebe wa maziwa, na ulipousikia ule mkebe ukilia chakachaka jioni ulijua leo mtu atalia.

Nyoka na ngazi vilevile ni wa India. Ulikuwa mchezo wa kufundisha dini: ngazi ni tendo jema, nyoka ni dhambi, na nyoka walikuwa wengi kuliko ngazi kwa sababu njia ya wema ni nyembamba. Muingereza alipouchukua akawasawazisha.

#17 Changamwe_Boy
Nyoka wengi kuliko ngazi? Huo si mchezo, ni Mombasa mwisho wa mwezi.

#18 Kete64
DukaLaKona, hizo kauri mnajua kwetu huitwaje? Kete. Na kete ndiyo hiyo hiyo twaitumia kwenye bao, ijapokuwa siku hizi ni komwe za mti. Jina langu basi liko salama pande zote mbili.

#19 Mkanju
Mbona hamtaji sataranji? Ile ni ya Kihindi, chaturanga, karne ya 6 hivi. Wajemi wakaichukua, Waarabu wakaiita shatranji, sisi tukaiita sataranji. Wazungu wakapata mchezo wakaugeuza wakazi wake: waziri wakamfanya malkia, tena mwisho wa karne ya 15 wakamwachia atembee bao zima. Ndovu, ambaye Waarabu walimwita fil, wakamfanya askofu. Hebu fikiri ndovu mzima kavishwa joho la askofu.

Na lile neno la mwisho la kumtia mfalme kwenye kona ni la Kiajemi, shah mat. Wanalitamka kila siku na hawajui wanasema nini.

#20 Kete64
Sasa turudi kwenye kitu kikubwa, BAO. Hapa nimechoka kusikia kwamba bao ni la Waarabu kwa sababu vitabu vinaliita mankala, na mankala inatokana na nakala, kuhamisha. Mankala ni jina la ukoo mzima wa michezo ya kumwaga kete kwenye mashimo, kuanzia Afrika Magharibi mpaka visiwa vya Asia. Vipande vya kale vya udongo vyenye mashimo vimepatikana Matara, Eritrea, vya enzi za Aksum, karne ya 6 au ya 7. Bado hilo si bao la kwetu.

La kwetu ni safu nne za mashimo manane, 32, na kete 64. Lina nyumba, lina kichwa, lina kimbi. Unaanza na kete 10 ubaoni, sita ndani ya nyumba na mbili mbili pembeni, na 22 ziko mkononi unanamua moja moja. Zikiisha ndiyo unaingia mtaji. Hebu nionyesheni Mwarabu gani wa Hijazi anacheza hivyo. Michezo ya safu nne ni ya Afrika ya Mashariki na Kusini. Kilichozaliwa hapa ni hicho, kwa hiyo swali la MwanaKuze nimelijibu. Bao.

#21 MtuWaTanga
Hapa maana yake Unguja bila shaka. Mombasa mlijifunza kwa wageni wa jahazi.

#22 Kete64
Nenda katafute pweza.

#23 Mtwapa_Kwa_Upepo
Kete64 hoja yako nzuri lakini umeacha tundu. Oman kuna mchezo unaitwa hawalis, safu nne. Mtu anaweza kukugeuzia: umeona, ulitoka Arabuni.

#24 Kete64
Hilo ndilo nililokuwa nalingojea. Wengi walioufuatilia hawalis wanaona ulikwenda Oman kutoka huku, si kinyume chake. Watu walikaa Zanzibar na Mombasa miaka mia mbili, walirudi na karafuu tu? Walirudi na mashimo pia.

#25 Safari_Nakuru
Mimi ni wa bara lakini nimekaa Nyali miaka tisa, mnivumilie. Pale Hyrax Hill, Nakuru, kuna mashimo ya bao yamechongwa juu ya mwamba wenyewe. Nimeyaona kwa macho yangu, nimekaa nikatia vijiwe. Kwa hiyo msije mkasema bao liliishia Mariakani.

#26 AmiDele
Ya safu ngapi, mwanangu?

#27 Safari_Nakuru
Mzee, nilikuwa darasa la sita. Nilihesabu vijiwe, sikuhesabu safu.

#28 AmiDele
Basi hukuona bao, uliona mwamba. Rudi ukatazame vyema.

#29 FundiWaGia
Nimesoma uzi mzima nikiwa chini ya gari la mtu. Mmeandika tuktuk kwenye kichwa na hakuna aliyeigusa. Mombasa nzima inasema tuktuk ni akili ya Mhindi. Kila abiria ataniambia hivyo nikiifungua.

Sikilizeni. Nimefungua hizi tuktuk hesabu imenipotea. Gia haiko mguuni, iko kwenye mkono wa kushoto, unabana klachi unazungusha kiwiko chote pamoja. Nani mwingine alikuwa hivyo? Vespa ya babu yenu. Vespa ni ya Piaggio, Italia, 1946, baada ya vita. 1948 wakaikata nyuma wakaipa magurudumu mawili na sanduku la mizigo, wakaiita Ape, maana yake nyuki, kwa sababu vespa ni nyigu. Bajaj wa India alianza kuziunda kwa leseni ya Piaggio. Mhindi aliifanya ibebe familia na harusi, hilo simnyimi. Lakini mfupa ni wa Italia.

#30 Mkanju
Na jina tuktuk? Hilo si la Kiitaliano.

#31 FundiWaGia
La Thailand, ni mlio wake. Na za Thailand zilianza na vigari vya magurudumu matatu vya Japani, Daihatsu Midget. Kwa hiyo unapopanda pale Mwembe Tayari umekalia mfupa wa Italia, nyama ya India, jina la Thailand, na spika ya redio ninayoifunga mimi hapa.

#32 Changamwe_Boy
Na nauli ya Mombasa. Hiyo hakuna anayeidai.

#33 NaibuWaPili
(Jina nimelibadilisha leo kwa heshima ya namba 4.) Wacheni ya Wahindi na Wareno. Kubwa kuliko zote ni M-Pesa. Kila mtu anajua ilibuniwa na mwanafunzi wa chuo hapa Kenya akanyang'anywa. Binamu yangu alisoma na mtu aliyekaa naye chumba kimoja.

#34 Mtwapa_Kwa_Upepo
Binamu yako na wangu basi ni mtu mmoja, maana huyo mwanafunzi kila ninapoisikia hadithi anabadilisha chuo. M-Pesa ilianza kwa Vodafone ya Uingereza, na Nick Hughes na Susie Lonie ndio wanaotajwa. Pesa za kuanzia ziligawanywa kati ya kampuni na serikali ya Uingereza. Majaribio yalikuwa 2005, Safaricom wakazindua Machi 2007. Na ilikusudiwa watu walipie mikopo midogo. Kutumiana pesa ni watu wenyewe wa majaribio waliojianzia.

#35 BintiMaalim
Hapo mwisho ndipo panaponivutia mimi. Kabla ya hapo watu si walikuwa wanatumiana kredo? Unamtumia mama kredo ya mia, anaiuza kwa jirani, anapata unga. Aliyebuni hilo hana jina wala leseni. Sasa mwenye M-Pesa ni nani, aliyeandika programu au mama wa unga?

#36 NaibuWaPili
Mwanafunzi. Nimesema.

#37 Msimamizi
Yameanza yale. Majibu 11 ya M-Pesa nimeyahamishia uzi wake. Hapa tubaki na michezo na vitu.

#38 LikoniKwaMaji
Nimechelewa, feri. Mimi napinga kitu kimoja kinachopita humu tangu namba 3: kwamba ukilijua jina umejua kitu kilikotoka. Haya, mahindi! Jina linasema ya Muhindi. Mahindi yametoka Mexico, huko Marekani ya kale, na Uhindini yalifika baada ya Wareno kuvuka bahari. Waitaliano nao wanayaita nafaka ya Mturuki. Kila mtu anamsingizia mgeni aliyemwona mwisho.

Tena bata mzinga. Muingereza anamwita ndege wa Uturuki. Mturuki mwenyewe anamwita wa Uhindini. Mreno anamwita wa Peru. Ndege ni wa Marekani ya Kaskazini na hajawahi kufika Peru kwa miguu yake.

#39 Mkanju
Na jina langu mimi? Huku Kilifi tunaapa kwamba mkanju ni mti wa mababu, tuna mashamba, tuna ugomvi wa mipaka, tuna korosho. Ni wa Brazili, caju. Muhogo pia Brazili. Nilipomwambia nyanya yangu, aliweka chini kisu akaniuliza: "Na hao wa Brazili, nazi wanayo ya kuupikia?"

#40 BintiMaalim
LikoniKwaMaji sikubaliani kabisa. Jina haliongopi, linajibu swali jingine. Linakwambia nani alikugongea mlango, halikwambii alitoka mji gani. Karata aligonga Mreno. Hilo ni kweli hata kama zilipikwa Misri.

#41 LikoniKwaMaji
Na mahindi aligonga Muhindi? Hayo yaliletwa na Mreno huyo huyo! Jina limemsingizia mtu mwingine kabisa.

#42 BintiMaalim
Hapo umenipata. Nitarudi.

#43 MamaWatatu
Na tambi? Mtoto kaleta tena. Kitabu kinasema Marco Polo alizitoa China akazipeleka Italia.

#44 Mtwapa_Kwa_Upepo
Marco Polo alirudi Venice 1295. Al-Idrisi, Mwarabu aliyeandika jiografia kwa mfalme wa Sisilia, alimaliza kitabu chake 1154, na ndani yake anasema pale Trabia, Sisilia, wanatengeneza itriya kwa wingi na kuzipakia majahazini kupeleka nchi nyingine. Hizo ni tambi kavu, zaidi ya miaka mia kabla.

Na kwa kutia chumvi: ni kitabu hicho hicho kinachotaja Manbasa, mji mdogo, watu wake wanachimba chuma na kuwinda chui, na wana mbwa wekundu wanaopigana hata na simba. Yaani tambi na Mombasa zimo ndani ya jalada moja.

#45 Changamwe_Boy
Chuma? Mombasa? Wapi, chini ya Makadara?

#46 Mtwapa_Kwa_Upepo
Ndiyo maana wako wanaosema Manbasa yake si hapa tulipo. Al-Idrisi mwenyewe hakufika, alisikia kwa wasafiri. Lakini mbwa wekundu nawajua, wako hapa Mtwapa nyuma ya bucha.

#47 MamaWatatu
Asanteni. Nitamwambia mwalimu Sisilia. Mimi tambi zangu za sukari na iliki siziachi, zitoke zitokako.

#48 DukaLaKona
Mmeuliza kilichozaliwa hapa. Mimi nasema leso yenye jina. Kitambaa kilichapwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani. Neno leso ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkono. Wanawake walinunua vitambaa vile wakavishona pamoja kuwa kimoja kikubwa. Lakini yale maandishi ya chini, fumbo lenyewe, anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara hapa Mombasa 1887. Alama yake mnaijua nyote, Mali ya Abdulla. Mwanzo mafumbo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu.

#49 MtuWaTanga
Zanzibar watakuja na panga. Kanga ni ya Unguja na jina lake ni kanga, ndege wa madoadoa.

#50 BiMkubwaKibokoni
Wanaume mwaulizana aliyeuza. Aliyetunga mafumbo mwadhani ni nani? Mwenye duka? Mamangu alikuwa akipeleka maneno dukani yameandikwa kwenye kijikaratasi kwa ajili ya mtu fulani wa mtaa wetu, na leso ikitoka anaivaa mara tatu mbele ya nyumba yake. Mtu huyo alihama Kibokoni. Andikeni hilo kwenye historia yenu.

#51 Changamwe_Boy
Bi mkubwa, fumbo lilikuwa lipi?

#52 BiMkubwaKibokoni
Watoto wa mtu huyo wamo humu.

#53 FundiWaGia
😂😂 Huu uzi usifutwe.

#54 MwanaKuze
Nimerudi. Nimewasomea wazee yote tangu namba 3, simu mkononi, muuza kahawa naye kakaa kitako kabisa safari hii. Mzee wa Mreno alifurahi mpaka ulipofika Misri. Mzee wa Waarabu alifurahi mpaka ilipofika sueca. Yule wa reli alisema mtandao ni wa Muingereza kwa hiyo kashinda.

Nikawanunulia pakiti mpya. Waliichezea mikono miwili wakaiweka kando, eti yateleza na haichanganyiki. Wamerudi kwenye ile ya zamani. Nikawaambia basi angalau chukueni ree ya shupaza kutoka kwenye mpya. Wakaitoa, wakaitazama, mgongo wake ni wa buluu na zao ni nyekundu. Ikaonekana afadhali ya sigara.

#55 AmiDele
Mwambie aliyeishika jana kwamba mimi nilikuwa nimekaa mkabala naye, na ile sigara inaangaza ukiielekeza juani. Anidai kahawa.

#56 LikoniKwaMaji
BintiMaalim, mahindi bado nangoja.